Antena ya Mashua na Neno "Masafa"

Walimu wa Kiswahili tuna mazoea ya kudhani kwamba mambo ya nyaya na betri hayatuhusu. Tumeyaacha mikononi mwa mafundi na walimu wa sayansi, nasi tumejitengea mashairi, methali na ngeli za majina. Mimi nami nilikuwa mmoja wa wenye mawazo hayo, hadi asubuhi moja ya kiangazi cha mwaka 2022, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika hapa Rumonge, kijiti cha chuma kisichozidi uzito wa kalamu kilipokaribia kututia msibani. Kisa chenyewe ni cha kuchagua antena. Nakisimulia kwa sababu mbili. Kwanza, ili mtu atakayehitaji kuchagua antena ya namna hiyo asirudie kosa langu. Pili, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa nusu la ufundi na nusu la lugha, na hiyo nusu ya pili ni yetu sisi, walimu.

Msomaji asiyepajua Rumonge na aelewe kwamba ni mji ulio katika ukingo wa mashariki wa ziwa, kiasi cha kilomita sabini na ushei kusini mwa Bujumbura, katika barabara iendayo Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Nyuma ya mji kuna mashamba ya michikichi na vilima. Mbele yake kuna maji, na ng'ambo ya maji ni milima ya Kongo. Mtu asimamaye mwaloni siku isiyo na ukungu huiona milima hiyo kama iliyo karibu, wala macho hayamwambii kwamba chini ya maji hayo tulivu kuna kina ambacho, mahali pengine ziwani, hufikia mita 1,470. Kiswahili hapa si lugha ya vitabuni tu. Ni lugha ya soko, ya msikiti, ya wavuvi wa mikeke na ndagala. Na tangu Burundi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, imepata pia nafasi yake darasani.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anafanya kazi Ubelgiji. Mwanawe, kijana wa miaka 12 wakati huo, anaishi nasi Rumonge pamoja na mama yake. Baba huyo alinunua huko, katika soko la vitu vilivyokwisha tumika, mashua ya kuchezea yenye urefu wa mkono mmoja, yenye mota na usukani, pamoja na kisanduku chake cha kuiongozea kwa mawimbi ya redio, ambacho vijana wetu hukiita rimoti. Haikuwa rimoti ya siku hizi. Ilikuwa ya zamani, yenye vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba na antena ndefu ya kuvuta, ile ya mirija inayoingiana. Akampa msafiri ailete. Mashua ilifika salama, antena haikufika. Katika gari la abiria kutoka Bujumbura mtu aliukalia mfuko, na mirija ikavunjika na kubonyea. Kilichobaki juu ya kisanduku ni kitako chake tu, kirefu kama kidole. Vile vipande vingine dada yangu alivitia katika bahasha, akaiweka kabatini. Naomba msomaji aikumbuke bahasha hiyo.

Kijana hakulia. Aliipangusa mashua kwa kitambaa, akaiweka juu ya sanduku lake la nguo, akawa anaitazama kila jioni. Baba yake hakuwa amefika nyumbani kwa miaka minne, na mashua ile ndiyo ilikuwa mkono wake. Basi Jumamosi iliyofuata nikaichukua rimoti, nikaenda sokoni kwa fundi wa redio, mtu mpole anayefanya kazi chini ya mwavuli, kasha lake la mabaki likiwa miguuni pake.

Fundi alifungua kasha akanionyesha vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa antena ya kuvuta iliyotolewa katika redio ndogo ya mkononi. Ilikuwa nzuri ajabu, inang'aa kama kijiko cha harusi, na ikivutwa yote ilifika urefu wa sentimita 60 hivi. Cha pili kilikuwa antena nyeusi, nene, fupi kama kidole cha shahada, ya kisanduku cha intaneti. Cha tatu kilikuwa waya mtupu wa shaba, mnene kama kijiti cha kiberiti, uliochunwa ganda lake, umepinda huku na huku na kufanya weusi wa uzee. Fundi aliuinua huo waya akasema, "Mwalimu, huu naweza kuukata kwa urefu wowote. Ile antena ya kwanza ilikuwa na urefu gani?"

Hapo ndipo nilipokosea. Vipande vilikuwa nyumbani, ndani ya bahasha, na rula ninayo. Ningeweza kumwambia fundi aningoje nikapime. Badala yake niliitazama ile inayong'aa, nikautazama ule waya uliofanya weusi, nikasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa darasani, "Kwani chuma si chuma? Nipe hii nzuri." Fundi alinitazama kidogo. "Urefu wake ni mdogo, Mwalimu," akasema. Nikamjibu kwamba redio iliyokuwa nayo ilikuwa ikisikia Bujumbura, Kigoma na Ulaya, sembuse mashua iliyo mbele ya macho. Naye, kwa adabu, akanyamaza, akaifunga.

Nyumbani tukatia betri mpya. Kijana akasukuma kijiti, na usukani wa mashua ukageuka. Akasukuma kingine, na rafadha ikalia. Dada yangu akapiga kigelegele. Tulikuwa tumejaribu kutoka upande mmoja wa meza hadi upande wa pili.

Kijana alikuwa ameona tarakimu katika kipande kidogo cha fuwele kilichochomekwa ubavuni mwa rimoti: 27.145. Akaniuliza, "Mjomba, namba hii ni ya nini?" Nikamjibu, nikiwa natafuta viatu vyangu, "Hayo ndiyo masafa yake." Akaitika, "Ahaa!" Nami nikaridhika na jibu langu, kwa kuwa neno lilikuwa sahihi.

Asubuhi ya pili yake tukashuka ziwani. Tulichagua mapema kwa sababu maji huwa yametulia. Sikukumbuka jambo ambalo kila mvuvi wa hapa hulijua: usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Kwa hiyo utulivu ule ulioko ukingoni asubuhi una pumzi ndani yake, nayo husukuma kila kinachoelea kuelekea Kongo.

Mashua ikaondoka kwa madaha. Ikageuka kushoto, ikageuka kulia, ikazunguka jiwe. Watoto wakakusanyika. Kijana akaiachia iende mbele, na mbele zaidi. Nilisema, "Irudishe sasa." Akasukuma kijiti. Mashua haikugeuka. Akasukuma tena. Usukani ulitetemeka kidogo, kisha ukatulia, na mota ikaendelea kulia, kwa sababu kipokezi kile cha zamani hakina akili ya kuzima mota kinapokosa amri. Ilikuwa kama hatua arobaini kutoka tulipokuwa, na ilikuwa ikienda.

Niligeuka kutafuta mtu mwenye mtumbwi. Nilipogeuka tena, rimoti ilikuwa juu ya mchanga na kijana alikuwa majini. Anajua kuogelea, kama watoto wote wa ufukoni. Lakini ufuko wetu una shimo lisiloonekana, kwa kuwa ardhi ya ziwa hili huteremka ghafla. Tena maji yalipopanda katika miaka ya karibuni yalimeza kuta na miti ambayo hadi leo imo humo chini, ikingoja miguu ya watu. Viboko wapo. Mamba wapo pia. Nani katika pwani hii asiyezijua habari za yule mamba mkubwa aliyeitwa Gustave? Nilipiga kelele kwa jina lake mpaka sauti ikanikauka. Hakugeuka. Alikuwa akiifuata mashua ya baba yake, na kila alipopiga mikono mitatu, upepo na mota viliisogeza mbele mikono minne.

Mwenyezi Mungu akajalia kwamba saa ile ndiyo saa ya wavuvi kurudi. Mtumbwi mmoja uliokuwa ukitoka katika uvuvi wa usiku, taa zake zikiwa zimezimwa, ulimpita kijana, ukasimama, na mkono mmoja ukamnyanyua kwa kola kama anyanyuliwavyo sangara. Kisha wakaifuata mashua, wakaitia juu ya ndagala zao. Mzee aliyekuwa kwenye kasia la nyuma aliponikabidhi mtoto hakunifokea. Alisema tu, "Mwalimu, ziwa halina ufutio." Ni miaka kadhaa sasa, na bado nayasikia maneno yale.

Dada yangu aliambiwa habari kabla hatujafika nyumbani. Alimkausha mwanawe, akampa uji, kisha akanijia barazani. "Kaka," alisema, "mashua ni ya baba yake. Mtoto ni wangu." Hakuongeza neno, wala mimi sikuwa na neno la kuongeza.

Jioni ile kijana akanijia na swali. Alikuwa hana hasira, ila alikuwa kama mtu aliyedhulumiwa katika hesabu. "Mjomba, ulisema masafa yake ni 27. Mbona haikufika hata hatua hamsini?"

Walimu wenzangu, nilihisi kama niliyepigwa kofi. Mtoto alikuwa amelipokea neno kama alivyolijua. Masafa, kwa mtu yeyote asemaye Kiswahili, ni umbali: masafa ya safari, masafa marefu, mkimbiaji wa masafa mafupi. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao pia ni umbali. Kijana alipoambiwa masafa ni 27, alifahamu kwamba mashua itatii mpaka kilomita 27, yaani zaidi ya theluthi moja ya njia ya kwenda Bujumbura. Kwa nini basi aogope kuiachia? Na ilipokaidi, hakudhani kwamba imetoka nje ya mkono wake. Alidhani imekwama au imeharibika, na kwamba akiifikia ataitengeneza. Jibu langu la maneno manne ndilo lililompeleka majini.

Nikaketi kulichungua neno. Watangazaji wa redio walipotuambia tuwasikilize katika masafa mafupi au masafa ya kati, walikusudia urefu wa wimbi: umbali wa kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa wimbi linalofuata. Hapo neno lilikuwa bado ndani ya maana yake ya asili, maana umbali ni umbali, ujapokuwa wa wimbi. Baadaye tukaanza kusema kituo fulani kiko katika masafa ya 98 au 100, na hapo tunakusudia kitu kingine kabisa: idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde moja. Na fundi akisema rimoti hii ina masafa ya mita mia mbili, anakusudia mwisho wa amri yake kufika. Basi neno moja limebeba mizigo mitatu: urefu wa wimbi, hesabu ya mawimbi, na umbali wa kufika. Tena mizigo miwili ya kwanza huenda kinyume: hesabu ya mawimbi ikiongezeka, urefu wa kila wimbi hupungua. Mwenye kujua hapotei. Lakini mwanafunzi ni mtu asiyejua, ndiyo maana yuko mbele yetu.

Kesho yake nikamchukua kijana mpaka ziwani tena, mara hii kwa ajili ya somo, naye akakaa mbali na maji hatua kumi kwa hiari yake. Mwenzangu wa shuleni, mwalimu wa fizikia, alikuwa amenielekeza usiku. Nikamwonyesha mawimbi yapigayo mchangani. Tukahesabu yangapi hufika kwa dakika moja. Hiyo ndiyo hesabu. Tukakisia kwa macho umbali wa mgongo kwa mgongo; huo ndio urefu. Kisha nikamwambia kwamba tarakimu 27.145 ya kwenye fuwele ni megahezi, yaani mawimbi 27,145,000 kwa kila sekunde. Mawimbi ya redio huenda mwendo wa nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukigawanya mwendo kwa hesabu, unapata urefu wa wimbi moja: mita 11 na sentimita 5 hivi. Tukaupima mchangani kwa hatua, akasimama mwanzo nami nikasimama mwisho. "Wimbi moja refu hivi?" akauliza. Naam, wimbi moja.

Na hapo ndipo antena inapoingia. Antena ya kusimama hufanya kazi vyema inapokuwa na urefu kama wa robo ya wimbi. Robo ya mita 11 ni mita 2 na sentimita 76, na hakuna mtoto awezaye kushika mlingoti kama huo mkononi. Kwa hiyo watengenezaji wa rimoti za zamani walifanya antena fupi zaidi, nao wakafidia upungufu kwa kutia koili ya waya chini yake, ndani ya kisanduku. Koili hiyo imepimwa kwa antena ya urefu ule ule iliyotoka nayo kiwandani. Antena na koili ni kama mlango na ufunguo. Ukitia antena nyingine ya urefu tofauti, mtambo hauoani nayo, na sehemu kubwa ya nguvu hubaki ndani badala ya kutoka hewani. Zaidi ya hayo, antena zilizo fupi namna hii, ukizipunguza urefu kwa nusu, uwezo wao wa kuachia nguvu hewani hushuka hata kufikia kama robo. Hii ndiyo sababu antena yangu nzuri iligeuza usukani mezani na ikashindwa ziwani. Redio iliyokuwa nayo ilikuwa ikisikia tu, na kusikia kunasaidiwa na nguvu kubwa ya kituo kinachorusha. Rimoti haisikii, inasema, tena kwa sauti ndogo.

Tukaitoa bahasha kabatini. Tukavipanga vipande juu ya meza, tukavinyoosha, tukavipima pamoja na kitako: mita 1 na sentimita 20. Ilituchukua dakika tano.

Niliporudi kwa fundi nilianza kwa kumwomba radhi. Akacheka, akanisogezea kigoda. Safari hii tulichagua kama inavyopasa, nami naeleza mambo tuliyoyatazama kwa utaratibu wake.

La kwanza ni urefu. Antena mpya sharti iwe sawa na ya kwanza, isizidi wala isipungue kwa kiasi cha kuonekana. La pili ni kitako: uzi wa skrubu lazima ulingane, na chuma kigusane na chuma bila kutu wala rangi katikati. La tatu ni viungo. Antena ya kuvuta ina viungo vingi, na kila kiungo kilicholegea hukata na kuunga mawimbi kila inapotikisika. Fundi alikuwa amepata antena nyingine ya kuvuta, yenye urefu unaokaribia kabisa, ila mirija yake ilicheza kama meno ya mzee. La nne ni kuijua kazi ya chombo chenyewe. Ile antena nyeusi ya intaneti niliiuliza tena, maana skrubu yake ilionekana kama ingeweza kulazimishwa. Fundi akaikataa. Imetengenezwa kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo urefu wake ni sentimita 12 na nusu tu; ndiyo maana rimoti mpya za siku hizi zina antena fupi. Kwa wimbi letu la mita 11, ile ni sawa na kutokuwa na antena. Na kurusha bila antena, akaongeza, si kushindwa tu: nguvu isiyopata njia ya kutoka yaweza kuiunguza transista ya mwisho ya kurushia.

Basi tukabaki na waya wa shaba. Fundi aliubana upande mmoja, akauvuta kwa koleo mpaka ukanyooka kama mstari wa daftari. Akaukata. Akatwaa kile kitako kizima cha antena ya zamani, akakikwangua kwa tupa mpaka weupe wa nje ukatoka na shaba nyekundu-manjano ikaonekana, kwa kuwa risasi ya kulehemu haishiki juu ya kromu. Akaulehemu waya ndani yake, tukapima tena kutoka chini hadi ncha: mita 1 na sentimita 20. Haukuwa na uzuri wowote. Haukunjiki, haung'ai, na hubebwa kwa kufunguliwa na kufungwa katika gazeti. Kijana ndiye aliyeona kasoro ambayo sisi watu wazima hatukuiona: ncha yake ingeweza kumtoboa mtu jicho. Akaichomeka kizibo cha chupa.

Hatukwenda ziwani. Tulikwenda kiwanjani. Tuliiweka mashua juu ya kigoda, tukafungua waya wa mota ili rafadha isizunguke, dada yangu akaketi kando yake akiutazama usukani. Kijana alirudi nyuma hatua kwa hatua, akisukuma kijiti kila hatua tano, na mama yake akainua mkono kila usukani ulipotii. Kwanza tulitumia ile antena inayong'aa, ili tujue: mkono wa dada ulianza kusita katika hatua ya 38, na katika hatua ya 45 haukuinuka tena. Kisha tukatia waya wa shaba. Hatua 50, mkono juu. Hatua 80, juu. Kijana alifika mwisho wa kiwanja, hatua 130, akawa mdogo kama kuku, na mkono wa mama yake ukawa bado unainuka. Hata hivyo tulikubaliana kwamba majini mashua haitapita hatua 50, maana mashua huelea chini, na maji hayana huruma na makadirio.

Katika jaribio hilo tulijifunza mawili zaidi. Ukiielekeza ncha ya antena kwenye mashua, kama mtu anyoosheaye kidole, amri hudhoofika, kwa sababu mawimbi hutoka kwa wingi ubavuni mwa antena na kwa uchache nchani. Yapasa kuisimamisha. La pili, kipokezi cha ndani ya mashua nacho kina antena yake, waya laini ambao mtu fulani huko nyuma aliukunja na kuutia chini kabisa ya sitaha. Hapo ulikuwa chini ya usawa wa maji, na mawimbi ya redio hayapendi maji. Hatukuukata; tuliupandisha katika mrija wa kunywea soda, ukasimama kama mlingoti. Asemaye na asikiaye, wote wawili walikuwa wamekosa.

Nilimsimulia kijana kwamba mwaka 1898, huko New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi bila waya wowote, nao wakastaajabu. Akafikiri, kisha akauliza, "Yake haikukimbia?" Nikamwambia kwamba ya Tesla ilikuwa ndani ya birika. "Alikuwa na akili," akasema.

Tulirudi ziwani alasiri ya Jumapili, wakati upepo unatoka majini kuja kwetu, ili mashua ikikaidi iletwe ufukoni. Mzee yule wa mtumbwi tulimwomba awe karibu, naye akawapo, akitengeneza wavu wake, akijifanya hatuoni. Kijana alivaa boya la kujiokolea, kwa amri ya mama yake. Mashua ikaenda, ikafika kwenye jiwe tuliloliwekea mpaka, ikageuka, ikarudi. Ikaenda tena, ikarudi. Dada yangu aliipiga picha kwa simu, na kabla ya magharibi ilikuwa imefika Ubelgiji. Jibu la shemeji lilikuja usiku: alitaka kujua kile kizibo juu ya antena ni cha nini. Kijana ndiye aliyemwandikia, na katika maandishi yake niliona kwamba ametenganisha kwa uangalifu "urefu wa wimbi", "hesabu ya mawimbi" na "umbali wa kufika". Neno masafa hakulitumia hata mara moja.

Silitupi neno hilo, wala siwaombi wenzangu walitupe. Ni neno zuri, nalo limetumika redioni kwa miaka mingi. Ninachoomba ni hiki: mtoto anapotuuliza maana ya tarakimu, tusimpe neno tukatafuta viatu. Tumuulize kwanza yeye amelielewaje. Ile antena inayong'aa ingali juu ya meza yangu ya kusahihishia madaftari, na kila ninapotaka kuandika alama ya "sahihi" kwa haraka, huitazama.